Weka chini mashine ya hewa moto, leta mita kwanza

Wadogo zangu, jana tena nimemkuta mmoja wenu kashika mashine ya hewa moto anataka kung'oa STM32F103 mpyaa (chipu ya maikrokontrola), eti imekufa, kisa ST-Link, yaani dibaga, kile kifaa cha kuingizia programu kwenye chipu, haiioni. Chipu haijamaliza hata saa moja kwenye bodi! Tukapima, kumbe graundi ya dibaga haijaunganishwa. Kuunganisha tu, ikajibu 0x410, namba yake ya utambulisho, palepale. Nimechoka kusema kwa mdomo, naandika.

1. Waya za SWD, njia ya dibaga kuongea na chipu: SWDIO (data) ni mguu PA13, SWCLK (kloku) ni mguu PA14, halafu graundi na volti 3.3. Waya fupi. NRST (mguu wa riseti) nayo itoe kwenye bodi, utaihitaji.

2. Pima volti kwenye miguu ya chipu yenyewe, sio kwenye regyuleta. Hapa nina kidonda. Nilipoanza kazi nilizoea zile ST-Link za bei rahisi zenye umbo la flashi, zile zinatoa 3.3 zenyewe, unachomeka unafleshi. Siku moja nikapewa ile kubwa ya pini 20, nikaunga vilevile, sikujua pini yake namba 1 haitoi umeme, inasoma tu volti ya bodi yako. Taa nyekundu ya bodi ilikuwa inawaka kwa mbali nikaamini umeme upo, kumbe ni umeme unaovuja kupitia waya za SWD, volti 1.7, na F103 inataka angalau 2.0. Na programu ilikuwa inaniandikia hiyo 1.7 pale pale kwenye skrini, siku nzima, sikuisoma. Nikang'oa chipu ya kwanza, nikang'oa ya pili, ya tatu ikaondoka na shaba ya bodi, na bodi ya mteja ilikuwa hiyo hiyo moja. Bado sijasema kibaya zaidi. Nilienda dukani kwa mzee aliyeniuzia nikamwambia mbele ya wateja wake kwamba anauza feki, akanyamaza, akanipa nyingine tatu bure. Wiki mbili baadaye ndio nikaelewa. Nilirudi nikamlipa na kumwomba radhi, akapokea, ila wale wateja waliosikia siku ile sijui niwapate wapi.

3. Chipu tupu imekubali mara ya kwanza, ya pili imegoma? Haijafa. Kwenye CubeMX, programu ya kupangia miguu ya chipu, upande wa SYS, hukuchagua Serial Wire, kodi yako mwenyewe imezifunga PA13 na PA14. Unganisha chini ya riseti, yaani NRST ikiwa imeshikiliwa, au pandisha mguu wa BOOT0 ili kodi yako isianze, halafu uifute chipu.

4. Wa AVR, familia nyingine ya chipu: ATmega328P mpya inakimbia MHz 1 tu, na kloku ya programa lazima iwe chini ya robo ya hapo. Kwenye avrdude, programu ya kuziandikia, weka -B 10 kupunguza kasi. Na usiguse fyuzi (mipangilio ya ndani ya chipu) za kristali kabla kristali haijalehemiwa, nawaomba sana.

Wewe wa jana, mita yangu bado iko kwako, nirudishie.