Mama anakonda, na uji nampa kila siku

*Shangazi, shikamoo. Mama yangu ana miaka 76, nimemchukua nikae naye hapa Newala tangu msimu wa korosho uliopita. Asubuhi na jioni nampikia uji wa muhogo, mchana anaonja ugali matonge mawili. Maji hataki. Magauni yanamning'inia, na juzi usiku aliyumba akaanguka uani. Majirani wanasema uzee ndivyo ulivyo, mlo wa mzee ni mdogo. Mume wangu anasema uji wangu ndio unaommaliza. Nani mkweli? – Mwenye Mawazo*

Marahaba, mwanangu. Mumeo yuko karibu zaidi na ukweli.

Mtu akizeeka halimi wala hatembei kama zamani, kwa hiyo wanga anaohitaji hupungua kweli. Majirani wamekosea hapo tu, kudhani na mengine yote yamepungua. Misuli ya mzee huitumia protini kwa uvivu, ndiyo maana wataalamu wa lishe humwekea gramu 1 hadi 1.2 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, wakati mtu mzima wa makamo huhesabiwa 0.8. Mama akiwa na kilo 50, anadai gramu 50 hadi 60. Sasa angalia bakuli lako: gramu 50 za unga wa muhogo zina protini ipatayo gramu 1, pengine isifike. Tumbo linajaa, mwili unakula misuli yake wenyewe, na ya mapajani ikiisha mtu huyumba.

Usimnyime uji, mpikie mwingine. Vijiko vinne vya unga wa ulezi au mahindi kwa vikombe viwili vya maji. Ukishaiva vizuri tia vijiko viwili vya korosho zilizokaangwa na kusagwa laini (zile zilizovunjika huwa na bei nafuu, na kwenye uji hakuna anayeona tofauti), kisha kikombe cha maziwa yaliyochemshwa. Wengi watakwambia utie na unga wa dagaa. Mimi nasema usiutie, harufu itamkatisha tamaa na bakuli litarudi jikoni. Dagaa weka kwenye kisamvu.

Mchana loweka mbaazi tangu usiku, zichemshe mpaka ziwe laini kabisa, zipondeponde, uunge kwa nazi. Kikombe cha mbaazi au kunde zilizoiva kina gramu 11 hadi 13 za protini, yai moja 6, kikombe cha maziwa 8, na minofu ya samaki ya ukubwa wa kiganja hupita 20. Gawa kwa milo yote. Protini ya siku nzima ikirundikwa usiku mmoja, misuli hainufaiki sawasawa. Apewe kidogo kidogo mara tano, maana mzee akiona sahani imejaa huchoka kabla hajaanza.

Lakini kabla ya kununua chochote, mwombe afungue kinywa, ukiangalia mchana kweupe. Jino linalotikisika, kidonda cha ufizi au utando mweupe ulimini humfanya mtu akimbilie uji bila kusema sababu. Uliza pia anameza dawa gani. Metformin ya kisukari, kwa mfano, hukata hamu ya kula kwa baadhi ya watu. Asiache dawa, daktari aambiwe.

Maji nayo yana mambo mawili. Kiu hufifia uzeeni, hivyo kumngoja aombe ni kumkosea. Halafu choo kiko uani, na aliangukia huko usiku. Huenda anajizuia kunywa ili asitoke gizani. Muulize kwa upole, faraghani. Mwekee ndoo yenye mfuniko chumbani na taa karibu na mkono. Kusudia vikombe sita hadi vinane kwa siku, chai na uji vikihesabiwa, vingi viishie kabla ya magharibi. Kama ana tatizo la moyo au figo, kiasi hicho apangiwe na daktari. Akiamka, akae ukingoni mwa kitanda dakika mbili kabla ya kusimama, maana presha ya mzee hushuka ghafla anapoinuka.

Zahanati mpeleke wiki hii, usisubiri uji mpya ufanye kazi. Waambie ameanguka, wampime uzito, sukari, na presha akiwa amelala kisha amesimama. Mtu wa kilo 50 akipoteza kilo 2.5 ndani ya miezi sita bila kukusudia, hiyo inatafutiwa sababu. Akiwa anakohoa wiki mbili au kutoka jasho usiku, wachunguze kifua kikuu. Ulizia dirisha la wazee: Sera ya Taifa ya Wazee inamhesabu mzee kuanzia miaka 60, na asiye na uwezo hutibiwa bure kwenye vituo vya serikali.

Jambo moja hukuliandika: kwako mama anafanya nini kutwa? Aliyezoea shamba lake, pengine hata kuitwa kungwi unyagoni, akihamishiwa kwa mkwe akae tu jamvini, hamu ya chakula huondoka pamoja na kazi. Mpe choroko achambue, mtoto wa kufundisha kusuka ukili. Ale na watu, asitengewe pembeni.

Leo zungusha futi ya fundi cherehani kwenye shavu la mguu wake, pale panapojaa zaidi, mradi hakuna uvimbe. Chini ya sentimita 31 ni dalili kwamba misuli imepungua. Andika namba hiyo uende nayo zahanati, upime tena baada ya miezi miwili.