Farasi amekutwa na dawa, nawe hukumpa: adhabu ni ipi?

Pole, ndugu. Unauliza kama mkufunzi anaweza kuadhibiwa wakati farasi wa mbio alipakwa dawa na saisi (mtunza farasi) bila yeye kujua. Ndiyo, anaweza. Karibu kila mahali mkufunzi ndiye anayewajibika kwa kila kinachoingia mwilini mwa farasi wake, iwe kwa sindano, kwa mdomo au kwa kupakwa. Kutokuwa na nia mbaya huweza kupunguza adhabu tu; ushindi haurudi.

Mfano unaojulikana ni farasi Medina Spirit, aliyemaliza wa kwanza mwaka 2021 katika Kentucky Derby, mbio kubwa za farasi Marekani. Alikutwa na betamethasoni, dawa ya kupunguza uvimbe, kiasi kidogo mno cha pikogramu 21 kwa mililita ya damu. Mkufunzi wake, Bob Baffert, alieleza kuwa ilitoka kwenye marhamu ya ngozi. Hata hivyo mwaka 2022 farasi alivuliwa ushindi, naye Baffert akafungiwa siku 90 na kutozwa faini ya dola 7,500. Na hiyo ni dawa halali ya tiba! Dawa zilizopigwa marufuku kabisa huweza kukufanya ufungiwe kazi kwa miaka.

Sasa fanya haraka: omba kwa maandishi sampuli B (sehemu ya pili ya sampuli ileile, iliyohifadhiwa kwa kuhakiki) ipimwe, maana muda wa kuomba ni mfupi. Kusanya daftari la matibabu lenye tarehe, kipimo na jina la daktari wa mifugo. Hifadhi chupa ya marhamu na nyasi za kulalia. Nyasi ni ushahidi, maana dawa kama flunixini, ya kutuliza maumivu, hutoka kwenye mkojo, na farasi anaweza kuila tena kwenye matandiko machafu. Usimwagize saisi abadilishe maelezo yake.