Abu Basir na mzigo wa tajiri

SWALI: Assalaam alaykum Sheikh. Mimi ni dereva wa lori hapa Dar es Salaam. Tajiri wangu si Muislamu, na mshahara wa mwezi jana na wa huu hajanipa. Kodi ya nyumba imefika. Ndugu mmoja msikitini kaniambia niuze sehemu ya mzigo, kwani Abu Basir aliteka misafara ya Makuraishi na Mtume (s.a.w.) hakumkataza. Ni kweli?

JIBU: Wa alaykumu salaam, mwanangu. Umedhulumiwa, na sikulaumu kwa kuuliza. Namlaumu aliyekupa fatwa kwa nusu ya kisa.

Abu Basir, Muislamu aliyeteswa na Makuraishi, kabila lililotawala Makka, alitoroka mji huo baada ya mkataba wa Hudaybiya, mwaka wa 6 Hijria, ambapo Mtume aliwaahidi Makuraishi kuwarudishia anayewatoroka. Makuraishi walipotuma watu wawili kumdai, Mtume alimkabidhi, huku Abu Basir akilalamika kwamba watamtesa kwa dini yake, kwa kuwa ahadi ilishatolewa. Hapo ndugu yako anapita mbio! Walipofika Dhul-Hulayfa alimuua mmoja wao, akarudi Madina; alipotambua kuwa atarudishwa tena, akakimbilia pwani. Abu Jandal na wengine wakamfuata, wakawa wanavizia misafara ya Sham, mpaka Makuraishi wenyewe wakamwomba Mtume awaite. Abu Basir hakuwa na ahadi yoyote na watesi wake. Wewe umekabidhiwa ufunguo wa lori kwa kuaminiwa. Mmefanana wapi?

Hadithi ya Bukhari yenye kisa hiki inamtaja pia sahaba Mughira bin Shu'ba. Kabla ya kusilimu alifuatana safarini na watu, akawaua na kuchukua mali zao. Mtume akamwambia kuwa Uislamu wake anaupokea, ama ile mali, yeye hamo. Na waliouawa walikuwa mushrikina! Ila walikuwa wamemwamini. Mfano wako ni huo.

Ndugu yako atakutajia Hind bint Utba, aliyeruhusiwa na Mtume kuchukua matumizi kutoka mali ya mumewe, Abu Sufyan. Sawa, lakini Hind alichukua kwa mwenye kuwajibika kwake. Mzigo ulio kwenye lori ni wa mteja, ambaye hana deni lako hata senti moja. Kuuza ni khiyana na ni haramu.

Mshahara wako udai. Nenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, na mkataba wako, meseji zake na karatasi za safari. Usichelewe, madai ya namna hii yana kikomo cha siku 60. Kuhusu kodi, mweleze imamu wako wazi. Zaka ina fungu la wenye madeni, nawe ni mmoja wao. Usione haya. Na huyo mufti wa barazani, kabla hujamsikiliza tena, muulize kama atakuja kukuwekea dhamana polisi.