Laini Nisiyoijua Imesajiliwa kwa Jina Langu

SWALI: Mhariri, nimepigiwa simu na mtu aliyejitambulisha kuwa askari, akinitaka nifike kituoni kwa sababu laini iliyosajiliwa kwa jina langu imetumika kumtapeli mtu. Namba hiyo siijui kabisa. Ninachokumbuka ni kwamba mwezi uliopita nilisajili laini kwa wakala wa mwavuli karibu na stendi, naye akanirudishisha kidole mara tatu akisema mashine haisomi. Nifanye nini?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Pole sana, dada yangu. Huenda mashine ilisoma kila mara. Tangu Mei 2019 laini nchini Tanzania husajiliwa kwa namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, pamoja na alama ya kidole, na kwa hiyo kidole kinachorudishwa kwa kisingizio kwamba cha kwanza hakikusomeka kinaweza kukamilisha usajili wa laini nyingine, ambayo wakala asiye mwaminifu huwauzia matapeli wanaotuma zile jumbe za “ile hela itume kwenye namba hii”. Usijilaumu, hila hii huwanasa hata watu makini.

Leo hii piga *106# na ufuate maelekezo hadi uone namba zilizosajiliwa kwa NIDA yako katika mitandao yote. Usiyoitambua iandike, kisha uende na kitambulisho chako katika duka la kampuni ya simu husika, si kwa wakala wa barabarani, uombe ifutwe, na uombe pia uthibitisho wa maandishi wenye tarehe, kwa kuwa ndio utakaokutetea baadaye.

Kituoni nenda mwenyewe, ikiwezekana pamoja na ndugu, wala usikwepe. Ila aliyekupigia akikutaka utume pesa ili jalada lifungwe, usitume hata shilingi moja. Eleza ulivyosajiliwa na mahali wakala alipokaa, ufungue taarifa yako kama mtu aliyetendewa kosa na upewe namba ya RB, yaani namba ya taarifa yako katika daftari la polisi, kwani Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inamwadhibu anayejifanya mtu mwingine kwa njia ya mtandao.

Neno la siri likivuja utalibadilisha, lakini kidole huwezi. Ndiyo maana nakusihi, siku nyingine wakala akikwambia urudie, piga *106# papo hapo, kabla hujaondoka mbele yake.