Muulize Fundi: Inajizima Usiku

SWALI: Fundi, habari za kazi. Nachora nyumba na kurenda picha zake (kompyuta inazikokotoa ziwe picha kamili) kwa programu ya Blender, hapa Kinondoni. Prosesa ya kompyuta yangu, Ryzen 9 5950X, nimeisukuma kasi hadi gigahezi 4.6 kwenye koa (viini vya kazi) zote 16. Gemu zinaenda safi, lakini nikiiachia kompyuta kazi ya usiku kucha, asubuhi nakuta imejizima na kujiwasha upya. Ninunue pawa saplai nyingine?

JIBU: Nzuri, ndugu yangu. Pesa yako iache mfukoni kwanza. Gemu nyingi hazigusi koa zote 16. Kurenda huzibana zote kwa saa nyingi, na chumba cha Dar bila AC unakijua mwenyewe.

Halafu umejipunja. Kiwandani prosesa hiyo hufika 4.9 koa chache zikifanya kazi. Ulipoifunga kwenye 4.6, kuchora, ambako hutegemea zaidi kasi ya koa moja, kumepungua kasi! Volti nazo zina gharama: ukitoka 1.2 hadi 1.35, umeme unaoliwa hupanda kwa takriban robo, kabla hata hujahesabu kasi, na kikomo cha joto ni nyuzi 90.

Mimi niliwahi kupoteza kazi ya mteja ya siku mbili kwa tamaa ya gigahezi 0.1. Mke wangu bado ananicheka.

Rudisha prosesa kwenye mipangilio ya kiwanda. RAM (kumbukumbu ya muda) nayo iweke kasi ya 3200. Kuiweka 3600 ni kuisukuma pia, wengi husahau. Endesha MemTest86, programu ya kupima RAM, kisha Prime95, ya kuibana prosesa, usiku mzima. Ikijizima hata hapo, ndipo tuitazame pawa saplai.