Kabla AMCOS yenu haijalipia tovuti: majibu kwa mleta mada wa Mbozi

Mkuu, nimesoma swali lako. Ninyi ni AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) ya kahawa Mbozi, mkutano mkuu umepitisha fungu la kujitangaza mtandaoni, fundi mmoja wa Mbeya mjini amewapa bei ya tovuti, na mwenyekiti anataka mkataba usainiwe kabla msimu haujafunguliwa. Unauliza kama bei hiyo ni halali na kama tovuti italeta wanunuzi.

Nimesaidia vyama kadhaa vya huku kwetu kwenye kazi hii: AMCOS za kahawa Mbozi, wakulima wa parachichi Rungwe, na SACCOS (chama cha kuweka na kukopa) moja ya Iringa. Ninayoyaandika ni niliyoyaona huko. Wengine mtaongezea.

Msisaini bado. Kwenye maelezo yako sijaona mtu yeyote akiuliza hiyo tovuti, namba ya WhatsApp, ukurasa wa Facebook na barua pepe vitasajiliwa kwa jina la nani. Duka la mtu lina mwenyewe, na mwenyewe habadiliki. Ushirika una bodi inayobadilika kwa uchaguzi, meneja anayeweza kuondoka, na karani kijana ambaye mwakani atapata ajira Dodoma. Vyama vingi ninavyovikuta havionekani mtandaoni vilishawahi kuonekana, ila mtu aliyekuwa na funguo aliondoka nazo.

Kuna AMCOS moja ambayo jina nitaliacha. Kijana wa ofisini aliwafungulia ukurasa wa Facebook kwa namba yake na barua pepe yake. Alifanya kazi nzuri kwelikweli: picha za wanachama wakichambua kahawa mbivu, mtambo wa kumenya ukifanya kazi, siku ya malipo. Baadaye wakapishana na bodi kwenye mambo ya posho, akaacha kazi. Ukurasa ukabaki hewani na namba yake juu. Aliyepiga akitafuta kahawa alipokelewa na mtu ambaye hayumo tena kwenye chama, na kwa hasira alizokuwa nazo hakuwa na sababu ya kumwelekeza mtu ofisini. Nilipoitwa, bodi walidhani ni jambo la nusu saa. Hatukufanikiwa kuurudisha. Tulifungua mwingine, na ukitafuta jina la chama kile hadi leo, ule wa zamani ndio unaotangulia.

Kwa hiyo anzeni hivi. Nunueni laini na muisajili kwa jina la chama. Mitandao ya simu inasajili laini za taasisi: mnakwenda na cheti cha usajili, TIN na barua ya chama, na mwakilishi mliyemteua anakwenda na kitambulisho chake cha NIDA. Laini hiyo ikae kwenye simu ya ofisi, na mtu apewe jukumu la kuiweka hai, maana laini iliyolala muda mrefu hufungwa na namba hiyo ikapewa mtu mwingine. Kisha fungueni barua pepe ya chama kwa namba hiyo, na kila akaunti nyingine ifunguliwe kwa barua pepe hiyo. Washeni uhakiki wa hatua mbili. Kwenye ukurasa wa Facebook wekeni wasimamizi wawili au watatu, mmoja wao awe mjumbe wa bodi.

Halafu liandikeni kwenye muhtasari wa kikao. Mnapofungua akaunti ya benki, muhtasari unataja watia saini ni nani, na wakibadilika mnaandika mwingine. Fanyeni hivyohivyo hapa. Nywila zikae kwenye bahasha iliyofungwa ndani ya sefu ya ofisi. Siku ya makabidhiano, mnapohesabu mizani, magunia, vitabu vya stakabadhi na muhuri, hizo nazo zihesabiwe na nywila zibadilishwe palepale. Hili jambo dogo nimeona likiokoa chama Rungwe pale bodi nzima ilipobadilishwa kwa mkupuo.

Jina la tovuti nalo ni hivyo. Majina yanayoishia na .tz huuzwa kupitia mawakala walioidhinishwa. Mwambie fundi kwamba mnataka chama kiandikwe kuwa mmiliki, na barua pepe ya kukumbushia malipo ya mwaka iwe ya chama. Wapo mafundi wanaosajili kwa jina lao, si lazima kwa nia mbaya, ni mazoea tu. Siku mkikosana ndipo mtajua. Kama shabaha yenu ni wanunuzi wa nje, fikirieni pia jina linaloishia na .coop. Hilo wanapewa vyama vya ushirika na taasisi zake tu, na wanahakiki kabla ya kukupa, kwa hiyo mnunuzi wa Ulaya akiliona anajua anaongea na ushirika.

Sasa swali la wanunuzi. Tovuti peke yake haiuzi kahawa ya Mbozi, na fundi akikwambia vinginevyo hajui biashara hii. Kahawa yetu inapita kwenye taratibu za Bodi ya Kahawa: inakwenda mnadani, au inauzwa moja kwa moja nje kwa leseni na mkataba unaotambuliwa na Bodi. Hakuna mtu wa Hamburg atakayebonyeza kitufe akalipia kontena. Mtandao unafanya kazi mapema zaidi. Mnunuzi ameonja sampuli, ameona jina la AMCOS kwenye orodha ya mnada, au ametajiwa na mtu, anakwenda kutafuta ninyi ni nani. Hapo anakuta kitu au anakuta patupu. Akikuta patupu, nembo ya msafirishaji ndiyo atakayoikumbuka, nanyi mtabaki kuwa namba ya loti.

Basi wekeni yale anayoyatafuta. Mchoma kahawa mmoja wa nje aliiandikia simu ya chama fulani cha Mbozi na kuuliza mambo haya kwa ujumbe mmoja: mashamba yako mita ngapi juu ya usawa wa bahari, aina gani ya mibuni, mnamenya wapi, mnachachusha saa ngapi, mnakausha siku ngapi na juu ya nini, madaraja ya AA na A mlipata magunia mangapi msimu uliopita, sampuli inapatikana lini. Katibu alikuwa na majibu yote kwenye daftari. Hapakuwa na hata moja mtandaoni. Tulichofanya ni kulihamisha daftari: ukurasa mmoja, Kiingereza kifupi kwa wageni, Kiswahili chini yake kwa wanachama. Aina ya mibuni tuliandika kwa majina yanayojulikana, N39 na KP423 kwa mashamba ya zamani, na zile aina mpya za TaCRI, taasisi ya utafiti wa kahawa, zinazostahimili magonjwa ya chulebuni na kutu ya majani kwa waliopanda upya. Kituo cha TaCRI kipo hapohapo Mbimba, kama hamna uhakika mmepanda nini nendeni mkaulize, msibuni. Mnunuzi anayejua kahawa ataonja uongo wenu.

Picha pigeni wenyewe. Nimeona tovuti ya chama cha huku ikiwa na picha ya shamba tambarare linalovunwa kwa mashine, kitu ambacho hakipo Mbozi wala Mbinga, fundi kakichota tu mtandaoni. Simu ya kawaida inatosha. Pigeni asubuhi jua likiwa bado liko chini, kahawa ya maganda ikiwa imetandazwa kwenye vitanda na watu wanaichambua. Sogea karibu hadi punje zionekane rangi, kisha piga nyingine kwa mbali ionekane idadi ya vitanda na mtambo nyuma yake. Picha ya pili ina thamani kuliko watu wengi wanavyodhani, kwa sababu mnunuzi anapima kwa macho kama mnaweza kukausha kiasi mnachodai.

Ramani ya Google msiiruke, ni bure. Lakini siku hizi mara nyingi wanataka video isiyokatwa kuthibitisha kuwa ofisi ipo: barabara, bango la chama, halafu mtu wenu akifungua mlango. Vyama vingi hukwama hapa kwa sababu bango limefutika, au limeandikwa kifupi kisichofanana na cheti. Pakeni rangi bango kwanza. Jina liwe lilelile kwenye cheti, bango, Facebook na tovuti, herufi kwa herufi. Vijijini hatuna namba za nyumba, kwa hiyo tumieni ile misimbo ya mahali inayotolewa na ramani ya Google: unabonyeza juu ya ghala lako, unapata herufi na tarakimu chache, unazituma kwa dereva wa lori na anafika bila kuuliza njia tangu Vwawa.

Na kwa vile mnapima mahali, pimeni na mashamba. Umoja wa Ulaya una sheria ya mwaka 2023 kuhusu mazao yanayohusishwa na ukataji misitu, na kahawa imo. Utekelezaji wake umeahirishwa zaidi ya mara moja, lakini msingi umebaki: mnunuzi atataka kujua kahawa ilitoka shamba lipi, na kwamba shamba hilo halikufyekwa msitu baada ya tarehe 31 Desemba 2020. Mashamba ya hekta nne kushuka chini yanaweza kuonyeshwa kwa nukta moja, na wakulima wetu wengi wako hapo. Chama kinachoweza kuandika kwenye ukurasa wake kwamba kina ramani za mashamba ya wanachama wake kinasikilizwa haraka. Ramani zenyewe msizianike. Semeni mnazo, na mumpe mnunuzi mliyekubaliana naye.

Hapo naingia kwenye jambo linaloniuma. Nimekuta orodha ya malipo ya wanachama, majina matatu, kilo, fedha na namba za simu, imepigwa picha na kurushwa kwenye ukurasa wa wazi wa chama, eti ni uwazi. Kubandika orodha ofisini ili mwanachama ahakiki kilo zake ni sawa na ni haki yake. Kuirusha mtandaoni ni kuwaambia wezi wa mtandaoni kwamba mzee fulani wa kijiji fulani ameingiziwa fedha leo na namba yake ni hii. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na chama kinawajibika kwayo. Uwazi wekeni kwa jumla: kilo zilizokusanywa, bei ya mnada, makato gani na kwa sababu gani, malipo ya awali kiasi gani, malipo ya pili yanatarajiwa lini. Hayo mwanachama anayataka sana. Wazee wa huku wanakumbuka vyama vikuu vya ushirika vilivyovunjwa mwaka 1976, wanakumbuka madeni yaliyofuata baada ya sheria ya 1982 kuvirudisha, na imani yao inajengwa kwa hesabu inayoonekana.

Wengi wa wanachama wenu wanatumia kitochi, sijasahau. Kwao tumeni ujumbe mfupi wa maneno. Lakini watoto wao wako Dar na Mbeya mjini wanasoma Facebook, na wao ndio wanaopiga simu nyumbani kusema "Mama, chama kimetangaza malipo ya pili." Andikeni mkiwafikiria hao pia.

WhatsApp ya biashara wekeni kwenye ile laini ya chama. Jazeni katalogi, na saa ambazo ofisi haina mtu uwepo ujumbe wa majibu unaojituma wenyewe. TikTok na Instagram ni sawa kama mna kijana anayependa. Kama hamna, acheni, kwa sababu ukurasa uliolala tangu msimu wa juzi unamfanya mgeni adhani chama kimekufa.

Kwa wenzetu wa SACCOS mnaosoma hapa, hali yenu ni tofauti kidogo. Ninyi hatari kubwa ni watu kufungua kurasa kwa jina lenu na kuahidi mikopo ya haraka kwa "ada ya fomu". Ile ya Iringa tuliisaidia kwa kubandika juu kabisa ya ukurasa wao namba ya leseni waliyopewa na Tume ya Maendeleo ya Ushirika chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, na sentensi moja: hatukopeshi asiye mwanachama na hatupokei ada kwa namba ya mtu binafsi. Simu za malalamiko zilipungua.

AMCOS nanyi mkionekana mtafuatwa na wanunuzi hewa. Dalili yao ni moja: anataka tani nyingi bila kuomba sampuli, halafu anaomba mtangulize fedha kidogo za "usajili wa msambazaji" au za wakili. Mnunuzi wa kweli huanza na sampuli. Kabla hamjajibu chochote cha fedha mpelekeeni afisa ushirika wa wilaya na muiulize Bodi ya Kahawa kama mtu huyo anafahamika.

Sasa bei. Mwambie fundi aitenganishe: jina la tovuti kwa mwaka, kuihifadhi kwa mwaka, kazi ya kuitengeneza, na kazi ya kuihuisha baada ya hapo. Akishindwa kuitenganisha, tafuteni mwingine. Hiyo ya kuihuisha ndiyo ya kukazania. Afadhali ukurasa mmoja wa bei ndogo na fungu la kumlipa karani wenu abadilishe takwimu kila msimu, kuliko kurasa kumi zinazomtegemea fundi wa mjini kwa kila koma. Mwulizeni pia mtakabidhiwa nini siku mkiachana naye, na jibu liingie kwenye mkataba.

Akishakujibu kuhusu umiliki wa jina na hayo mengine, funika majina na namba za watu, uweke majibu hapa tuyapitie kabla mwenyekiti hajasaini.