Maswali yenu: mtoto anaanza kusoma, nimnunulie kitabu kipi?

Minada ya korosho inaendelea, hela zimeanza kuingia kwenye akaunti na Januari shule zinafunguliwa, ndo maana inboksi imejaa wazazi wanaouliza vitabu vya foniksi, yaani vya kufundisha kusoma kwa kutumia sauti za herufi, vya kumfundishia mtoto nyumbani. Maswali yanayofanana nimeyaunganisha, mengine nimeyafupisha maana kuna mtu kaandika habari za mume wake weee mpaka kuja kufika kwenye kitabu nishachoka.

Mama wa Chikongola, Mtwara mjini: Kuna dada anauza seti ya foniksi ya Kiingereza kwenye magrupu ya WhatsApp, vitabu vizuri kweli, rangi zinawaka. Mwanangu ana miaka 5, Januari anaanza awali shule ya serikali. Nichukue?

Subiri kwanza dada yangu. Siyo kwamba vitabu ni vibaya, ila vimetengenezwa kutibu shida ya Kiingereza na mwanao hiyo shida bado hana. Kiingereza kina herufi 26 lakini sauti zake zinafika kama 44 hivi, kwa hiyo herufi moja inabeba sauti mbili tatu, a ya "cat" siyo a ya "cake", c mara isomeke k mara isomeke s, mtoto anachanganyikiwa. Wenzetu wakaamua watengeneze vitabu vidogovidogo ambavyo kila kimoja kinatumia zile sauti tu ambazo mtoto kashafundishwa, cha kwanza kina sauti chache sana, kinachofuata kinaongeza kidogo, hivyohivyo mpaka mwisho. Hilo wazo ni zuri mno, lichukue, ila seti yenyewe muachie huyo dada.

Kwetu sisi irabu ni tano na hazibadiliki, a ni a popote utakapoikuta. Shule ya serikali atafundishwa KKK kwa Kiswahili, sasa wewe huku nyumbani umeshamzoesha kwamba u inasomeka kama ya "cup", siku mwalimu akiandika "kuku" ubaoni yeye anasoma "kaka" na anaonekana hajui kitu, kumbe kafundishwa tu herufi za lugha nyingine. Kinachomsumbua mtoto zaidi ni kuelewa kwamba hizi alama zina sauti na ukiziunganisha linatoka neno. Akikipata hicho kwa Kiswahili, Kiingereza kikija hafundishwi tena upya, anaongezewa tu. Na hizo chati za ukutani zenye q na x mbona hata hatuzitumii, unamkaririsha mtoto wa nini?

Baba wa Ruangwa: Vya Kiswahili nimeviona steshenari ila vyote vimeandikwa vya watoto, nitajuaje kipi cha kuanzia na kipi cha baadaye?

Swali zuri kuliko yote wiki hii. Fungua katikati ya kitabu hapohapo dukani, ziba picha kwa mkono, soma maneno. Usidanganywe na urefu wa neno. "Nangurukuru" ni refu lakini mtoto aliyeshika nga nge ngi ngo ngu anatembea nalo tu, na-ngu-ru-ku-ru kafika. Ila "mbwa" ni fupi na ndo linamkwamisha kabisa, herufi nne tu, konsonanti tatu zimebanana. Ndo maana mimi vitabu vya wanyama sivipendi kwa anayeanza kabisa, ukurasa wa kwanza mbwa, wa pili ng'ombe, wa tatu twiga, wa nne mbuzi, picha tamu lakini maneno yote ya darasa la mbele.

Ukitaka ngazi zenyewe tumia majina ya huku kwetu, yamejipanga vizuri ajabu. Ngazi ya kwanza irabu na konsonanti mojamoja: Masasi, Newala, Liwale. Kitabu cha kwanza karibu maneno yote yawe ya hivi, baba, mama, kuku, lima, kaka. Ngazi ya pili ndo unaingiza nd, mb, ng, nj: Lindi, Mikindani, Tandahimba. Ya tatu ch, sh, ny na ndugu zao, dh, th na gh zije nyuma kabisa maana maneno yake siyo mengi kwenye maisha ya mtoto. Halafu zile zinazobeba w, Ruangwa kwenu hapo, Nachingwea. Halafu m inayosimama peke yake kama silabi, Mtama, Mchinga, na hapa watoto wengi wanateleza, wanataka kuitia irabu wasome "mutama". Mtwara yenyewe ni ngumu, ina m ya peke yake halafu twa hapohapo, mtoto akisoma Mtwara bila kukwama jua kashaiva. Mnazi Mmoja usimpe mpaka akuzoee hahaha.

Jambo moja wengi hawaliangalii: ng'. Kuna vitabu vimechapwa vibaya, kile kialama cha juu hakipo, ng'ombe imeandikwa ngombe. Mtoto hawezi kujua tofauti ya Ng'apa (jina la mahali) na ngapi kama kitabu chenyewe hakijui. Ukikuta hivyo kirudishe kwenye shelfu.

Mama wa Newala: Mwanangu yupo la kwanza, kitabu chake anakisoma mwanzo mwisho bila kukosea, lakini nikimuandikia neno hilohilo pembeni hajui. Inakuwaje?

Kakariri, mama. Anasikia wenzake wanaimba darasani na yeye anaimba, macho yapo kwenye picha. Mjaribu hivi, ziba picha, halafu mwanzishe mstari wa katikati siyo wa kwanza. Akikwama una jibu lako. Kingine chukua neno analolijua uvuruge silabi, "samaki" iwe "makisa" au "kimasa", kisicho na maana kabisa, anayejua kusoma atakisoma huku anacheka, aliyekariri atasema samaki. Usimgombeze, watoto wengi wenye akili nzuri wanakariri kwa sababu ni rahisi zaidi. Wewe badili kitabu tu, tafuta ambavyo sentensi hazijirudii vilevile kila ukurasa, maana vile vya "hiki ni kikombe, hiki ni kijiko, hiki ni kisu" vinamfundisha kutazama picha na kumalizia. Na hata ba be bi bo bu mziimbe mkimaliza mzivuruge, anza na bo, rudi bi.

Kaka wa Nachingwea: Hela ya vitabu sina ila simu ninayo, kuna vya bure?

Vipo vingi. African Storybook ina hadithi za Kiswahili za bure kabisa, unadownload ukiwa na bando halafu unamsomea hata mtandao ukikata. StoryWeaver ya Pratham Books, India, nayo ina za Kiswahili. Taasisi ya Elimu Tanzania wana maktaba yao mtandaoni, vitabu vya shule vya kiada vipo humo. Lakini kuwa makini na kitu kimoja, ngazi za hizo hadithi za bure zimepangwa zaidi kwa wingi wa maneno, siyo kwa sauti, yaani "ngazi ya kwanza" maana yake maneno machache kwenye ukurasa na hayo machache yanaweza kuwa mbwa na ng'ombe walewale niliosema juu. Halafu yeyote anaweza kutafsiri, kwa hiyo Kiswahili kingine humo kinachekesha, soma wewe kwanza kabla hujampa mtoto.

Kingine ambacho watu wanasahau, mikoa yetu hii ilipitiwa na miradi ya kusoma, Lindi ilikuwa EQUIP-T, Mtwara Tusome Pamoja, na vitabu vya ziada vya watoto vilishuka mashuleni. Vingine mpaka leo viko kabatini. Nenda kwa mwalimu mkuu, amkia vizuri, omba kuazima kimoja kimoja na uandike jina kwenye daftari lao. Wengi wanakubali wakiona unarudisha.

Mama wa Shangani: Wangu anaenda inglishi midiamu, hiyo seti ya Kiingereza mimi si naihitaji?

Wewe ndiyo, ila ukaulize shule kwanza wanafuata mpangilio gani. Kwa mfano Jolly Phonics wanaanza na s, a, t, i, p, n, hawaanzi A mpaka Z, kwa hiyo ukinunua vitabu vya mpangilio mwingine mtoto anakutana na sauti ambazo hajafika. Ukivipata vya mitumba angalia pia maneno yenyewe, vya Ulaya na Marekani vimejaa barafu na mavazi ya baridi, mtoto wa Shangani atalitamka neno vizuri kabisa halafu hajui ni nini, hapo kasoma sauti hajasoma kitabu. Muulize maana kila ukurasa.

Bibi wa Tandahimba (kaandikiwa na mjukuu): Mimi naongea naye Kimakonde, mama yake anasema namchelewesha kusoma.

Shikamoo bibi. Humcheleweshi, endelea, na hadithi za jioni usiache. Kimakonde nacho kina irabu tano na silabi nyingi zinaishia na irabu kama Kiswahili, kwa hiyo sikio lake linapata mazoezi yaleyale. Huyo mama yake yeye amsaidie kwenye maneno ya Kiswahili ambayo mtoto hayajui maana, basi.

Kilwa Masoko: Wa miaka 3 nianze naye foniksi?

Hapana. Msomee hadithi, muimbe, muache acheze.

Baba wa Mtama: Korosho zangu bado ziko ghalani, malipo sijui lini, na mtoto anataka kusoma sasa hivi.

Pole sana kaka, tengeneza mwenyewe. Daftari moja la mistari mikubwa na maka peni inatosha, kata karatasi katikati, shona kwa uzi. Chagua konsonanti tano tu, m, b, k, n, l, na utashangaa unapata kitabu kizima: Mama ana mabibo. Kaka anakula mabibo. Babu analala. Bibi ana kuku, kuku ana kelele. Sentensi moja ukurasa mmoja, herufi kubwa kubwa, picha achore yeye baada ya kusoma, siyo kabla, ili picha isimpe jibu. Wiki inayofuata ongeza s na t. Mihogo ya h na g itafuata, korosho ingoje sh, na ming'oko iwe ya mwisho kabisa. Vipande vya boksi la sabuni vikate uandike silabi, aunge maneno sakafuni. Mimi binafsi naona hiki kinashinda hata vya dukani kwa miezi ya mwanzo kwa sababu unajua kila silabi iliyomo, na mtoto akikuta jina la bibi yake kitabuni hakiachi.

Dada wa Lindi mjini: Akikosea nimsahihishe hapohapo au nimuache amalize?

Muache amalize neno, asipojisahihisha mwenyewe weka kidole chini ya ile silabi tu, usiseme kitu, mara nyingi anairudia vizuri. Akishindwa mtamkie silabi hiyo moja, lingine aunge mwenyewe. Ila akikwama maneno matatu manne kwenye ukurasa mmoja kosa siyo lake, kitabu kimemzidi, kiweke juu ya kabati mpaka mwezi ujao na umpe kile anachokiweza.